Nilivyonywesha maua meupe rangi ya bluu, na maji ya Kimbo yakakaribia kuniaibisha

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika huu uzi nikiwa na vidole vya bluu mpaka kwenye kucha. Nimesugua na sabuni, nimesugua na ndimu, nimesugua na mchanga. Haitoki. Basi nikaona afadhali niwaambie ilikotoka.

Nitasema yote ilivyokuwa, hata ile sehemu ambayo singependa mtu anijue nayo. Mtu wa sayansi akiwa humu ndani anirekebishe taratibu, maana mimi shule niliachia Form Two.

Kwanza mnijue kidogo.

Nimevunja mawe kwenye quarry za Juja. Nimechuma kahawa. Nimepaka nyumba rangi Githurai, nimechimba vyoo Theta, nimeuza mayai boilo nje ya stage. Hakuna mahali nilifukuzwa. Shida yangu ni kwamba kazi nikishaielewa mpaka ndani, inanichosha. Nachukua mkoba wangu, ule mweusi wa zipu mbovu, naondoka. Miezi nane ndiyo rekodi yangu, na hiyo ni kwa sababu nilivunjika mguu.

Kibarua kilichoanzisha haya yote nilikipata kwenye shamba moja la maua upande wa Thika. Jina nalihifadhi, watu wana kazi zao pale.

Niliwekwa packhouse, yaani kule maua yanakopangwa kwa urefu na kufungwa kabla ya kupakiwa kwenye lori. Unasimama siku nzima kwenye baridi, sweta mbili, unatazama mabua. Hili limepinda, weka kando. Hili fupi, weka kando. Wenzangu walikuwa wanapiga hadithi za siasa. Mimi nilikuwa nauliza. Kwa nini tunakata mwisho wa bua kwa mshazari? Kwa nini ndoo hii ina maji ya uvuguvugu na ile ya baridi? Kwa nini maua hayafi njiani?

Kufikia wiki ya pili jina langu lilikuwa limepotea. Nilikuwa Maswali.

Aliyenijibu ni mama mmoja mzee wa kazi anaitwa Achieng', amefanya packhouse miaka mingi. Siku moja alichoka nami akasema, "Maswali, ua linakunywa. Wewe ulidhani linakula ugali?"

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani.

Sasa sikilizeni. Maua yaliyopinda huwa yanauzwa rahisi kwa watu wanaouza maua ya ndoo barabarani, na sisi tuliruhusiwa kubeba machache. Nikabeba carnation nyeupe tatu mpaka kwa nyumba. Sina vase, nikachukua chupa ya plastiki iliyokuwa dirishani, nikatumbukiza. Ile chupa siku iliyotangulia nilikuwa nimeoshea mkono uliomwagikiwa wino wa bluu, ule wa kupigia mihuri kwenye maboksi. Sikukumbuka kuimwaga.

Asubuhi naamka, natafuta soksi, natazama dirishani.

Wakuu, yale maua yalikuwa na mishipa.

Mistari myembamba ya bluu kwenye kila petali, kama mkono wa mtu mweupe sana. Nilikaa kitandani na soksi moja. Nilichelewa kazini siku hiyo na sikujali hata kidogo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu ua likinywa.

Kuanzia hapo sikulala vizuri kwa furaha. Nilijaribu juisi ya zambarau, haikupanda. Nilijaribu maji ya beetroot, yakaoza yakanuka mpaka jirani akagonga. Chai, hapana. Kisha nikajaribu rangi ya keki, ile ya vichupa vidogo vya supermarket. Ikapanda kama moto. Nyekundu ilitoa waridi laini, kijani ikatoa kitu kama mchaichai, na bluu, mama yangu, bluu ilikuwa kama mbingu ya saa nne asubuhi.

Nilimpelekea Achieng' moja. Aliigeuza, akacheka, akaniambia huko ng'ambo wanunuzi hufanya hivyo siku zote, ni mimi tu ndiye nimechelewa. Lakini alinipa sheria mbili. Kata mwisho wa bua likiwa ndani ya maji, hewa isiingie. Na ua liwe na kiu. Ukilitoa kwenye ndoo likiwa limeshiba, utalionyesha rangi mpaka uchoke, halitagusa.

Sheria ya tatu hakunipa, na sikumwuliza. Mimi, Maswali, sikuuliza. Tutafika huko.

Msimu ukaisha, vibarua tukaachwa. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda Kimbo, Ruiru, kwa rafiki yangu mwenye chumba.

Siku ya pili natembea tu, naona kitu. Nyuma ya duka moja, kwenye kamba ya nguo, kumeanikwa maua. Mamia. Yamebanwa na vibanio vya nguo kama soksi, yanachuruzika maji ya Omo.

Mwenye duka alikuwa amekaa kando ya beseni anayasugua moja moja kwa mswaki. Huyo ndiye Mama Njambi. Anapamba harusi, ruracio, yaani sherehe za mahari, mazishi, graduation. Maua yote ya plastiki. Yanatumika Jumamosi, yanaoshwa Jumatatu, yanarudi Jumamosi. Nikamuuliza mbona asitumie maua halisi na Thika ni hapo tu. Nikamuuliza kama hayo ya mazishi ndiyo hayo ya harusi.

"Haiya," akasema, "wewe unauliza kama polisi. Shika mswaki basi."

Nikashika mswaki. Hivyo ndivyo niliajiriwa.

Niwaambie ukweli kuhusu Mama Njambi: yule mama ana mkono. Kitambaa cha mita ishirini anakikunja mkunjo mmoja mmoja kwa kidole, ukipima na rula huoni tofauti. Lakini alikuwa amekata tamaa. Kulikuwa na decorator mwingine kutoka mjini anayekuja na maua halisi, na makanisa yalikuwa yanamhamia mmoja baada ya mwingine. Mama Njambi alikuwa amebakiwa na kanisa moja la Mwihoko, ambako karibu kila Jumamosi kuna harusi, na kamati ya akina mama pale ilikuwa imeanza kunung'unika kwamba plastiki zake zimepauka.

Siku moja nikamletea carnation ya bluu niliyokuwa nimeitengenezea Thika nilipoenda kuchukua vitu vyangu vilivyobaki. Alinusa. Akaiminya petali, akatazama kidole kama kimeshika rangi. Hakikushika. Aliiweka tu kwenye glasi karibu na simu yake.

Na siku iyo hiyo akaingia Nekesa.

Nekesa ni bibi harusi. Anashona kwenye kiwanda cha nguo hapo Ruiru, kwao ni Bungoma. Alikuja na shangazi yake, ambaye kila mtu anamwita Senge kwa sababu hivyo ndivyo kwao wanamwita dada ya baba. Senge ni shemasi wa kanisa lile la Mwihoko na ndiye mkubwa wa ile kamati ya akina mama. Kwa hivyo mkae mkijua ni nani alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni.

Nekesa alitoa kipande cha kitambaa kwenye pochi. Bluu nyepesi. Nguo za wasimamizi alikuwa ameshona mwenyewe, zote, na alitaka maua yafanane na hicho kitambaa. Mama Njambi akainuka kwenda kuleta bluu ya plastiki.

"Hapana, Mama," Nekesa akasema. "Mamangu tulimzika na shada la plastiki. Nikienda nyumbani nalikuta pale pale. Yeye ameisha, lile halijaisha. Sitaki kuolewa nalo."

Mama Njambi akaketi tena.

Senge akasema basi waende kwa yule wa mjini. Na hapo, wakuu, mdomo wangu ukafunguka. Nikachukua ile glasi iliyokuwa karibu na simu, nikaiweka juu ya kitambaa. Rangi zilifanana kama ndugu.

Senge alilitazama lile ua kama mtu aliyeletewa noti asiyoiamini. Akauliza nimelipaka nini. Nikasema sijalipaka, limekunywa. Akasema hajawahi kuona ua likinywa, ameona watu wakinywa, na mwisho wao anaujua.

Lakini Nekesa alikuwa ameshalishika na hakuliachilia. Wakakubaliana: Jumamosi, maua mia mbili, bluu ile ile.

Walipoondoka Mama Njambi alinishika bega. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha, "Ukiniaibisha Jumamosi, hilo kanisa limeenda. Nitaosha plastiki mpaka nizeeke. Na wewe utakuwa umeondoka, kwa sababu wewe ni mtu wa kuondoka."

Nilichukua mswaki nikarudi kwenye beseni.

Jumatano nilishuka Thika nikarudi na carnation nyeupe mia mbili na arobaini. Mia mbili niliziacha kavu ndani ya maboksi chini ya meza, zishikwe na kiu kama Achieng' alivyofunza. Arobaini nikaanza nazo. Nilikata mabua ndani ya maji, maji ya uvuguvugu, rangi ya keki, kila kitu. Nilikuwa napiga mluzi.

Alhamisi asubuhi nafungua duka.

Yote arobaini yalikuwa yameinamisha vichwa kama watu wanaoombewa. Hakuna bluu. Pembeni mwa petali kulikuwa na uchafu fulani wa kijivu, kama maji ya kuoshea sufuria. Niliinua moja, shingo ikalala.

Sikuelewa. Nilifanya vilevile kama Thika, kisu kile kile, kichupa cha rangi kile kile. Na yale mia mbili chini ya meza hayangengoja mpaka Ijumaa bila maji.

Sasa hii ndiyo sehemu niliyosema.

Mama Njambi hakuwa amefika. Nilienda kwa chumba cha rafiki yangu nikapanga nguo kwenye mkoba. Nilizipanga vizuri, bila haraka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria Nanyuki, nasikia huko kuna kazi za kuvuta nyaya za stima. Nikaona siwezi kupanda gari na mikono ya bluu, watu watauliza, nikainama kwenye beseni kunawa.

Nikasugua sabuni. Hakuna povu. Nikasugua tena. Sabuni ilikuwa inateleza tu na kuacha vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda.

Kila mtu wa Kimbo anajua hilo. Maji ya borehole yetu ni ya chumvi. Sufuria ya chai ina ukoko mweupe chini, na ukifua unamaliza kipande kizima cha sabuni kwa shati mbili. Tumezoea, hatulioni tena. Lakini nilipokuwa Thika nilikuwa nachota maji ya mfereji, na sabuni ilikuwa inatoa povu mpaka kwenye kiwiko.

Nikasimama pale na maji yakichuruzika. Kisu kile kile. Rangi ile ile. Maji siyo yale.

Mnajua ile furaha ya kupata jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba umekosea? Nilikimbia mpaka duka la jirani nikanunua chupa ya maji ya kunywa. Nikarudi kwa Mama Njambi nikatoa maua mawili kwenye boksi. Moja kwenye maji ya chupa, jingine kwenye maji ya Kimbo, rangi sawa, nikaketi chini mbele yao kama mtu anayetazama mpira.

Kufikia saa sita, lile la maji ya chupa lilikuwa na mshipa. Lile lingine halikuwa na kitu.

Mama Njambi alinikuta hapo sakafuni. Aliyaona yale arobaini kwenye pipa, akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia. Nilimweleza yote kuhusu maji. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: maji ya mvua yatafaa? Nikasema nadhani ndiyo bora kabisa. Akasema anajua mahali palipo na tanki la mvua limejaa, na anajua ni nani ana funguo.

Tanki ni la kanisa la Mwihoko. Funguo anazo Senge.

Tulimkuta anafagia mlangoni. Mama Njambi alitaka kusema tunahitaji maji ya kusafishia viti. Mimi nikashindwa. Nilimwambia Senge kwamba maua arobaini yamekufa, kwamba nilikosea maji, kwamba mia mbili yana kiu na yakikosa maji leo hakuna harusi ya bluu. Na sijui kwa nini, nikamwambia pia kuhusu mkoba. Mama Njambi aligeuka akanitazama. Hakuwa anajua.

Senge aliegemea fagio.

"Kwa hivyo ulikuwa umefunga mkoba," akasema. "Na ukaufungua kwa sababu ya sabuni."

Nikasema ndiyo.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akasimama wima tena, akatoa masharti. Maji ya kanisa hayatoki kanisani, kwa hivyo maua yaletwe pale, darasa la Sunday school liko wazi. Na mimi nisitoke machoni pake mpaka ua la mwisho litoke kanisani siku ya Jumamosi.

Saa tisa ndoo kumi zilikuwa zimepangwa chini ya picha za safina ya Nuhu. Maji ya mvua, uvuguvugu, tone la ndimu kwa sababu nilikumbuka Achieng' akilikamulia kwenye ndoo zake. Hiyo ndiyo sheria ya tatu ambayo sikumwuliza, maji yenyewe. Nilikata yote moja moja chini ya maji. Senge alileta stuli akaketi mlangoni kama askari wa benki.

Mwanzo alikuwa anatazama saa. Baadaye nikaona stuli imesogea. Baadaye imesogea tena. Kabla jua halijaenda alikuwa amechukua ua moja mwenyewe, amelipeleka dirishani, amelielekeza kwenye mwanga. Mishipa ilikuwa inapanda, polepole, unaiona kabisa.

"Kumbe kweli linakunywa," akasema. Si kwangu. Alikuwa anajiambia.

Ijumaa kulikuwa na shida moja zaidi. Hayakulingana. Yaliyokuwa na kiu zaidi yalikunywa zaidi, kwa hivyo mengine yalikuwa bluu hafifu kama moshi, mengine kama kitambaa chenyewe, mengine yamekolea kama kalamu. Mimi nilishika kichwa. Mama Njambi alivua kofia, na hapo ndipo nilijua kazi ya nani ni ya nani.

Aliyapanga sakafuni kutoka hafifu mpaka yaliyokolea. Akasema hafifu yaanzie mlangoni, yawe yanakolea kila kiti, na yanayofanana na kitambaa yakae mbele pale maarusi wanaposimama. Kila bua akalifunga pamba na tepu mwishoni, kwa sababu rangi huwa inadondoka na bibi harusi anavaa nyeupe. Mimi singefikiria hilo kamwe. Ningeharibu gauni.

Jumamosi watu waliingia wakipunguza mwendo. Mlangoni walikuwa wanaongea, wakifika kiti cha tano wananyamaza, na shingo zinafuata rangi mpaka mbele. Nekesa alipopita, wasimamizi nyuma yake, huwezi kujua kitambaa kinaishia wapi na maua yanaanzia wapi. Mama Njambi alikuwa amesimama karibu na spika amefunika mdomo. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, mahali Senge aliponiweka, mikono nimeficha mfukoni.

Baada ya ibada kamati ya akina mama ilimzunguka Mama Njambi. Sikusikia maneno. Nilisikia tu Senge akisema kwa sauti kwamba harusi mbili za mwezi ujao rangi zake ni hizi na hizi, na je, maji ya tanki yatatosha?

Nekesa alichagua maua kumi na mbili kabla ya kuondoka, akaomba tuyafunge kwa safari ya Bungoma. Nilimwonya kwamba hayatakaa, carnation ikishakunywa rangi inaishi siku chache tu. Akasema anajua.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha kwa simu. Kaburi limefagiliwa, lile shada la plastiki halipo. Juu yake yamelala yale kumi na mawili, yamekauka, yamekuwa kahawia, bluu imebaki kidogo tu kwenye ncha. Chini ameandika: "Yameisha vizuri, Maswali."

Nimeitazama hiyo picha mara nyingi.

Nilichojifunza? Nilidhani kuelewa kitu ndiyo mwisho wake. Mimi nilielewa ua Thika, Kimbo likaniambia sijui lolote, na Mama Njambi akanionyesha kuna lingine la kuelewa tena baada ya hapo. Na kwa wale mnaopamba: maua ya bei rahisi si aibu. Maji mabaya, mabua yasiyofungwa na uvivu wa kujaribu kabla ya siku yenyewe, hizo ndizo aibu.

Niko Kimbo bado. Huu ni mwezi wangu wa tisa hapa. Ule mkoba mweusi uko kwenye msumari dukani, umejaa riboni, na zipu nimeishona. Kwenye kamba ya nguo siku hizi kunakauka nguo.

Sasa nisaidieni. Njano inanisumbua, inapanda lakini haionekani kwa mbali. Na nimejaribu kupasua bua katikati, upande mmoja nyekundu na mwingine bluu, ua limetoka nusu kwa nusu lakini linakufa mapema. Kuna mtu humu amewahi? Na mwenye borehole ya chumvi, wewe maua yako unayanywesha nini?